Risiti ya Pampu

Asajile, gari lako halikuchemsha bure.
Uliliingiza gerejini Uyole kwa kulisukuma,
boneti wazi, mvuke umekutangulia
kama mgeni asiyepiga hodi.

Tabo tulilolifunga ni kubwa kuliko kifua chake.
Mbele ya rejeta tukaweka intakula
pana kama meza ya muuza nyanya.
"Fundi," ulisema, "nataka malori yaone taa za nyuma tu."
Nikacheka. Nikapokea malipo ya awali.

Likisimama asubuhi, mshale wa joto umetulia.
Kwenda Igawa, tambarare, mwendo wa mia, umetulia.
Lakini kupanda Isyonje kwa gia ya pili,
ukungu umeziba vioo, wauza viazi
wamejitanda vitenge viwili viwili,
ndipo mshale nao unapanda
kana kwamba una safari yake.
Nani anatokwa jasho Isyonje mwezi wa sita?
Injini yako peke yake.

Tulianza na mfuniko wa rejeta.
Huku juu maji hayangoji kufika mia;
muulize yeyote apikaye maharage Mbeya,
maji yanawahi, maharage yanachelewa.
Mfuniko mpya. Likachemsha.
Themostati tuliichovya kwenye sufuria ya chai,
ikafumbua jicho vizuri tu.
Tukabadilisha hata hivyo. Likachemsha.
Nikalipandisha pua kwenye kichuguu,
nikafukuza hewa mpaka povu la mwisho.
Likachemsha.
Nikaogopa gasketi. Nikayakodolea maji macho
kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali:
hayakutoa mapovu, wala oili haikugeuka maziwa.

Basi nikasema pampu.
Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.
Ukauza magunia kumi na moja ya viazi, bei ya shambani,
pampu ikaja na basi la usiku
ndani ya boksi la biskuti.
Likachemsha.

Subilaga ana miezi minne hapa.
Bado anaita spana ya kumi na mbili "ile ya katikati."
Jana jioni injini inanguruma, feni zinazunguka,
alishika risiti ya pampu akitafuta pa kuiweka,
akaisogeza mbele ya gari,
labda kwa mchezo tu.
Ilipaswa kunata.
Iliruka, ikampita begani,
ikatua kwenye dimbwi la oili.
Akaokota, akarudia. Ikaruka.
"Fundi, feni inavuta au inapuliza?"

Nina miaka ishirini na mitatu katika kazi hii.
Nilizisikia zinazunguka, nikaridhika.
Sikuuliza zinaelekea wapi.
Waya mbili, nyekundu na nyeusi,
nilizifunga mwenyewe usiku ule wa umeme kukatika,
simu mdomoni ikimulika,
wewe mlangoni unahesabu saa,
kesho yake harusi ya shemeji yako Tukuyu.
Nyekundu pa nyeusi. Nyeusi pa nyekundu.
Tangu hapo, kila mlima,
pepo mbili zikigombana kifuani mwa gari,
na maji ndiyo yaliyoumia.

Kugeuza waya ni kazi ya dakika sita.
Alfajiri tumelipeleka Isyonje,
Subilaga kando yangu hapepesi macho.
Kupanda, katikati.
Tukanunua viazi debe moja, tukageuza.
Katikati.

Ningeweza kunyamaza, Asajile.
Ungeisifu pampu mpaka Kyela.
Lakini binti alikuwa ananitazama,
anasubiri nitaliitaje jambo hili.

Njoo uchukue gari.
Pampu yako ya zamani ipo kwenye rafu, nzima.
Hela ya mpya nitairudisha kidogo kidogo, ukiridhia.
Risiti ina doa la oili,
lakini namba zinasomeka.